Mhariri, huyu vampaya apige hodi kwanza

Mhariri, habari za kazi na poleni na majukumu. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi hapa Moshi, mama mtu mzima, nimestaafu kazi ya maabara na sasa hivi nina kiduka changu maeneo ya Pasua, gazeti lenu nalisoma lote mpaka matangazo ya viwanja. Jumamosi iliyopita mmetoa sura ya kwanza ya ile hadithi ya vampaya, yule mnyonya damu wa hadithi za kizungu, ya yule kijana wa Marangu aliyemaliza kidato cha sita, mkaomba wasomaji tutume maoni. Haya ndo ya kwangu, yatakua marefu na naomba msiyakate, maana ile sura nimeisoma mara tatu na mara ya pili nilikua na kalamu mkononi.

Kuna msomaji mwenzetu Jumatano kaandika kwamba hadithi za namna hii ni za kishetani na gazeti liache kuzitoa. Mimi kanisani naenda kila Jumapili na sikubaliani nae hata kidogo. Hadithi za kutisha tumelelewa nazo, jioni bibi anachochea moto huku anatusimulia mazimwi mpaka unaogopa kwenda chooni peke yako, na tumekua watu wazima tuna akili zetu. Kijana aachwe aandike. Ila aandike vizuri, na hapo ndo nina maneno nae, naomba niongee nae moja kwa moja.

Mwanangu, kipaji unacho. Nimekiona nilipofika aya ya sita, pale yule dada anafunga robota lake la mitumba pale Memorial, anahesabu hela mara mbili, alafu ile noti ya elfu tano iliyobandikwa selotepu anaikunja anaiweka katikati ya nyingine ili konda asiione. Mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo, tena sio mara moja. Alafu anapanda haisi ya mwisho ya Marangu, wamebanana wanne kwenye siti ya watatu, wanapita Kiboriloni, wanapita Himo, wakianza kupanda kule juu hewa inabadilika inaingia harufu ya migomba na udongo uliolowa, mvua inanyesha, vioo vyote vina ukungu wa pumzi za watu. Vyote, isipokua kile kipande kilicho mbele ya uso wa yule mwanaume aliyekaa dirishani. Pale kioo ni kisafi kabisa. Yule dada anakiona, anafurahi tu kwamba ataona anaposhukia, na haisi inaendelea kupanda. Nilivyofika hapo niliweka gazeti chini nikaenda kurudishia mlango wa duka, na ilikua saa kumi jioni jua linawaka.

Sasa shida ni kwamba kabla ya kunifikisha hapo umenipitisha kwenye aya tano ambazo sio zako. Kuna kasri la mawe, kuna mbwa mwitu wanalia, kuna theluji inagonga dirishani, kuna bwana mwenye jina la kizungu na joho jeusi, na unatuambia kabisa kwamba ana miaka mia tatu na chakula chake ni damu. Kwa hiyo nikimkuta kwenye haisi nimeshamjua, kile kioo kisafi ambacho kilitakiwa kiniue kwa hofu umekipunguzia nguvu mwenyewe. Zifute zote tano. Najua zinauma kufuta maana inaonekana ndo ulizozihangaikia sana, maneno makubwa makubwa yapo humo, giza totoro nimelihesabu mara nne na kicheko cha kishetani mara tatu, ila zifute, anza na noti yenye selotepu.

Theluji tunayo, ipo kule kileleni mita 5,895, asubuhi mawingu yakifunguka tunaiona, ila kwenye madirisha ya watu wa Marangu haidondoki. Ukitaka baridi weka mwezi wa saba. Mawingu yamekaa chini siku tatu mlima hauonekani, nguo hazikauki, sare za shule zinaanikwa jikoni mpaka mtoto anaenda darasani ananuka moshi, saa kumi na mbili jioni watu wameshajifungia ndani. Hiyo baridi msomaji wako anaijua kwenye mifupa yake. Na usiku wetu nao ufikirie, huku tulipo karibu na ikweta usiku ni masaa 12 au karibu na hapo mwaka mzima, wakati Ulaya ya kaskazini kipindi chao cha joto giza linakua la masaa machache tu. Vampaya wa huku hana msimu wa njaa. Hapo una kitu ambacho wenzako wa kule hawana, kitumie.

Nikiwa chuo nilisoma kile kitabu cha Bram Stoker cha mwaka 1897, Dracula, ambacho nadhani na wewe umekisoma au umeona filamu zake, maana lile joho limetokea huko. Hebu rudi uangalie kinavyoanza. Hakianzi na damu. Kinaanza na mtu anaandika kwenye daftari lake kwamba treni imechelewa saa nzima, alafu hotelini kala kuku aliyepikwa na pilipili nyekundu, mtamu ila kamtia kiu, na anajiandikia asisahau kuomba namna ya kumpika amletee mchumba wake. Ni kuku tu na treni! Ndo maana ukija kuogopa unaogopa kweli, kwa sababu yule ni mtu kabisa, ana njaa na ana mchumba. Na Stoker mwenyewe hiyo Transylvania anakotoka vampaya wake hakuwahi kufika, alikaa na vitabu na ramani. Wewe Marangu upo, hiyo haisi umeipanda.

Nije kwenye damu sasa, maana hiyo ndo ilikua kazi yangu na hapo siwezi kunyamaza. Umeandika kwamba vampaya alimnywa yule dada lita kumi. Mtu mzima mwilini ana kama lita 5, mwanamke mwenye umbo dogo hata hazifiki. Mtu anayejitolea damu tunamtoa mililita 450, hiyo tu, na bado tunamwambia kaa kwanza, kunywa soda, usiinuke haraka. Akipoteza lita 2 kwa mkupuo huyo tunakimbia nae. Alafu umeandika asubuhi mama mtu kaingia chumbani kakuta damu nyekundu inatiririka sakafuni. Haiwezekani mwanangu. Damu ukiiweka kwenye chupa kavu isiyo na dawa, dakika 5 mpaka 10 inaanza kushikana, ukiinamisha chupa haimwagiki tena, inakuja yote kama uji uliopoa, ukiiacha zaidi inajikusanya chini na juu yanabaki maji ya njano. Ile ya sakafuni inaanza kukauka pembeni, inakua kahawia kama kutu, na harufu yake ni ya chuma, ni kama umeshika sarafu muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho. Hiyo harufu inakaa puani. Mimi nimestaafu na bado siku nyingine naisikia nikishika hela za chenji dukani. Mama anayeingia chumbani kwa mwanae asubuhi, kabla hajaona chochote, anakutana na hiyo harufu kwanza. Andika hiyo.

Na wale popo wa darini wanaonyonya watu, hapana. Popo wanaokunywa damu ni aina tatu tu duniani na zote zinaishi huko Amerika, kuanzia Mexico kushuka kusini. Wa kwetu wanakula matunda na wadudu, hawana kosa. Ila nikuambie kitu kuhusu hao wa Amerika ambacho kitakufaa. Kwanza hawanyonyi, wanakata ngozi kidogo kwa jino lenye makali alafu wanalamba, tena kidogo tu, kama kijiko kimoja au viwili kwa usiku. Na mate yao yana kitu kinachozuia damu isigande, ndo maana kidonda kinaendelea kutoka hata popo akishaondoka.

Sasa mpe vampaya wako mate ya namna hiyo. Usimuue yule dada sura ya kwanza, kwanini umuue mapema hivyo na ndo kwanza tumeanza kumpenda? Aamke mzima, ana kizunguzungu kidogo, anafikiri ni uchovu wa robota. Kuna kakidonda nyuma ya sikio hata hakaumi. Anabandika pamba anaenda kazini. Saa nne pamba imelowa, anabadilisha. Mchana mteja anamwambia dada umejikwaruza, kola yako ina doa. Jioni kwenye haisi anapekua mkoba pamba imeisha, na mkono wake umelowa. Damu yote uliyoimwaga kwenye ile sura haifikii hicho kipande cha pamba, nakuambia kama mtu niliyebadilisha pamba za watu miaka zaidi ya thelathini.

Ila kilichonifanya nishike simu niandike barua hii ni dirisha. Vampaya wako anafika usiku nyumbani kwa yule dada, anavunja dirisha anarukia ndani. Mwanangu, mwizi ndo anavunja dirisha. Mwizi tunamjua, tunapiga yowe majirani wanatoka na mapanga, hamna fumbo hapo. Kwenye hizo hadithi zenyewe za Ulaya, na kwenye hicho kitabu cha Stoker lipo, kuna sharti kwamba vampaya hawezi kuingia kwenye nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mtu wa nyumba ile amkaribishe. Wewe hili sharti umeliacha, na hamna watu duniani ambao sharti hili linawahusu kama sisi.

Fikiria. Saa mbili usiku mvua inanyesha, mama yupo jikoni anamenya ndizi, mikono ina utomvu, masufuria yanapiga kelele. Mlangoni mtu anaita, hodi. Mama anajibu nini? Karibu! Hajamuona, hajamjua, hajageuza hata shingo. Karibu inatoka yenyewe, tumefundishwa tangu wadogo kwamba hodi haikai bila jibu, mtoto asiyeitikia hodi anasemwa kwa mamae kwamba hana adabu. Yule dada nae yupo kwenye ngazi anavua viatu, anamsikia mama yake anasema karibu, anasikia kitasa, na anakumbuka kile kioo kisafi. Ishia hapo! Sura ya kwanza iishie kwenye neno karibu, Jumamosi inayofuata hatutalala tukisubiri gazeti.

Na bibi zetu hili walilijua. Bibi yangu alitukataza kabisa kuitikia ukiitwa jina usiku mara moja, alisema subiri mpaka mara ya tatu, binadamu ataita tena. Sijui kama kwa bibi yako ilikua hivyo, muulize, kama yupo hai muulize wiki hii, na umuulize jikoni wakati anafanya kazi usimuweke kwenye kiti na daftari. Utapata hadithi nzima pale.

Mimi naona hadithi yako yote ipo kwenye ruhusa. Kunywa damu peke yake hapa kwetu hakumtishi mtu. Wachaga tunapika kisusio, mbuzi akichinjwa damu inakingwa inapikwa, mgeni anapewa bakuli na anashukuru. Ndugu zetu Wamasai wanamtoboa ng'ombe mshipa wa shingo kwa mshale, wanakinga, wanachanganya na maziwa, na ng'ombe anarudi machungani. Kwa hiyo ukimuonyesha msomaji wa Moshi au Arusha mtu ana damu mdomoni ukategemea atapiga kelele, hapigi. Kitu kinachotisha ni damu ya mtu iliyochukuliwa bila kuombwa, na kibaya zaidi ni ile uliyompa mwenyewe bila kujua umeikubali, kwa neno moja tu la adabu.

Nitakuambia ninalijulia wapi. Kwenye sura yako kuna sentensi moja umeipitisha haraka, wanawake kisimani wananong'ona kwamba kuna gari linapita usiku linachukua damu za watu. Sentensi moja, alafu ukarudi kwenye kasri. Mwanangu hiyo sentensi ina umri mkubwa kuliko mimi na wewe. Wazee wetu walikua wanaogopa mumiani. Neno lenyewe zamani lilikua ni dawa, kitu cheusi kama lami kilicholetwa kutoka Uajemi watu wanapaka kwenye mifupa iliyovunjika, na watu wakaamini kimetengenezwa na damu ya binadamu iliyogandishwa, ikawa ukisikika uvumi kwamba mumiani inatafutwa mji mzima unajifungia jua likizama. Nairobi na Kampala enzi za wakoloni waliogopwa wazimamoto, watu waliamini wale wenye magari mekundu wanakamata watu wakawatoe damu. Vampaya wa kwetu hakuwa na joho, alikua na gari na mshahara.

Na mimi nimekua huyo vampaya. Miaka ya nyuma hospitali niliyokua nafanya kazi ilitutuma vijijini kuchangisha damu, tukafika sehemu moja huko juu watu wakaanza kukimbia kwenye migomba, watoto wanaita wanyonya damu, wanyonya damu, jiwe likapiga ubavu wa gari. Waliobaki walikua wachache. Nikamkalisha mama mmoja, nikamwambia mama naomba mkono, akanipa, na mfuko ukaanza kujaa taratibu. Kulikua na mtoto wa kama miaka sita, wa yule mama, kasimama nyuma ya mgomba kashikilia jani, anaangalia ule mfuko unavyopanda na kushuka kwenye mizani. Akaniuliza hiyo mnaipeleka wapi? Nikamjibu ukweli kabisa, tunampelekea mama mwingine anayejifungua. Akaniangalia mikono, akaangalia mkono wa mama yake, nikaona hajaniamini hata neno moja. Mpaka leo ule uso ninao. Mwanangu hofu yako ipo pale nyuma ya mgomba, mtoto anamuona mama yake anatoa mkono kwa hiari, na yeye ndo pekee anayefikiri ameona kinachoendelea.

Hapo hapo nina ombi zito kwako, na kwako Mhariri pia. Hii hofu ikitumika ovyo inaua watu. Malawi mwaka 2017 wilaya za kusini ulitoka uvumi wa wanyonya damu, watu waliodhaniwa ndo wenyewe wakauawa na makundi ya wananchi, mpaka Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe. Wale waliouawa walikua watu tu, walikua na kwao. Kwa hiyo kijana gari uliweke, wanawake wa kisimani wanong'one, ila usije ukamalizia kwamba mwenye gari la hospitali ndo mnyonya damu kweli. Yule wa kweli awe ni yule aliyepiga hodi akaitikiwa, kijiji kizima kinakimbiza gari wakati yeye amekaa jikoni kwao yule dada anapewa chai. Nina wasiwasi na sura ya pili maana sentensi yako ya mwisho ilikua inaelekea huko kwenye gari, na damu hospitalini bado haitoshi, mama akitokwa na damu baada ya kujifungua anahitaji ile ya mtu mwingine aliyekubali kutoa mkono, na mtu mmoja akisoma akaghairi ni mtu mmoja pungufu.

Mengine ni madogo. Watu wako wanaongea kama filamu zilizotafsiriwa, yule mama wa Marangu akishtuka hasemi oh Mungu wangu, anasema Yesu wangu au anapiga kelele kwa Kichaga, na konda hawezi kumwambia abiria tafadhali sogea. Msikilize konda wa kweli uandike. Majina nayo ubadilishe, yule bwana aitwe jina ambalo likiitwa pale stendi watu watatu wanageuka. Na kitunguu swaumu ukiamua kukiweka basi ukiwekee maelezo, maana kipo kwenye kila pilau na kila rosti hapa mjini, huyo mgeni atakula wapi? Au usikiweke kabisa, mimi ningekiacha.

Mhariri, naomba mumpe huyu kijana mtu wa kumpitia kazi yake kabla haijachapwa, aliyezoea hadithi, sio wa habari za michezo mwenye nafasi siku hiyo. Na msimkatie nafasi, Jumamosi tangazo la mikopo limekaa juu ya aya za mwisho mpaka mstari mmoja haukusomeka. Kama atakubali kuiandika upya sura ya kwanza mtoeni tena sura hiyo hiyo, wasomaji tutasubiri, hamna aliyekufa kwa kusoma sura moja mara mbili.

Akitaka kuuliza chochote kuhusu damu, inavyokaa kwenye mfuko, inavyonuka, mtu anavyokua rangi gani akiishiwa, mumpe namba yangu mnayo hapo ofisini, aje hata dukani, nafungua saa moja asubuhi. Kijana wa magazeti pale kona nimeshamwambia ya Jumamosi aniwekee mbili, moja ya kusoma na moja ya kuandikia pembeni.

Mama mstaafu wa maabara,
Pasua, Moshi